Muhsina Hakufungiwa

Mie kazi yangu ni kufundisha wanawake kuendesha gari. Miaka yote hii hapa Maskati nimekaa kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya ziada, napiga kelele: "Bibi wee, kioo! Tizama kioo!" Wamepita mikononi mwangu wauguzi, walimu, mabibi harusi, na bibi mmoja mwenye wajukuu aliyetaka leseni ili amkomoe mumewe. Basi hebu niambie, mtu kama mie ndiye wa kushtakiwa kwamba kamfungia mwanamke mwenzake ndani ya nyumba? Nilishtakiwa, wallahi. Tena kwa Kiingereza na kwa upole, na ule upole ndio ulioniudhi zaidi.

Mwanamke mwenyewe ni Muhsina, mke wa kaka yangu Harub. Wifi yangu. Na mawifi, tusidanganyane, kupendana kwetu kuna mipaka. Ya kwetu ilikuwa mizuri. Hakuwahi kunijibu vibaya, na mie sikuwahi kupekua masufuria yake. Leo yupo, mzima, karudi kazini, ana mvi mbili tatu mbele ambazo hataki kuzitia hina. Nataka kumsimulia kwa sababu yeye mwenyewe hatajisimulia hata umweke kisu shingoni.

Kazaliwa Tabora. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa huko, na walipohamia Omani miaka ya sabini Muhsina alikuwa mtoto wa miaka tisa, hajui Kiarabu hata cha kuomba maji. Skuli wakamtia darasa la watoto wadogo kuliko yeye, akakaa nyuma na magoti yake marefu mwaka mzima bila ya kufungua mdomo. Hilo alinihadithia mara moja tu, tukikuna nazi, wala hakulitia chumvi. Sisi tuliotoka Unguja tulimtania kwa Kiswahili chake cha bara, tukimwita Mnyamwezi, naye akitabasamu na kuendelea na kazi yake. Ndivyo alivyo. Ukimuuliza habari, nzuri. Ukimuuliza ana nini, hana kitu.

Alisomea upigaji taipu, akaingia wizara moja pale Khuwair, akawa anapiga barua za Kiingereza za mkurugenzi. Miaka kumi na tano alikaa kwenye meza ile, na Kiingereza chake kikawa safi kuliko cha mkurugenzi. Harub alimuoa mwaka wa tisini, akamleta nyumbani kwetu, tukaishi sote na mama. Mtoto alichelewa mpaka tukaanza kunong'ona, kisha mwaka wa tisini na tano akaja Fajr, msichana, na macho ya Harub yaleyale.

Nilijaribu kumfundisha Muhsina kuendesha. Hapa kwetu mtihani wa kwanza ni mapipa: unarudi nyuma, unaiingiza gari katikati ya mapipa, usiguse hata moja. Muhsina aliyagusa yote. Lilianguka la kulia, likaanguka la kushoto, akashuka kuyanyanyua akaliangusha la tatu kwa mkono. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye changarawe. Harub akasema, "Mwache, Sabah. Dereva wake mie." Na kweli, kila asubuhi alimpeleka wizarani, kisha akampeleka Fajr skuli, ndiyo akenda kazini kwake.

Skuli yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, upande wa Qurum, yenye bustani na walimu kutoka Ulaya. Mama yetu, Bi Sayyida, hakuitaka. Alisema mtoto atarudi hajui kusema shikamoo. Harub akamjibu kwamba shikamoo atafundishwa nyumbani, hesabu atafundishwa na wenye kulipwa. Yeye alikuwa na jibu la kila kitu, kaka yangu.

Alikufa mwezi wa kumi, mwaka wa elfu mbili na moja, njia ya Qurayyat, pale milimani barabara inapopinda. Lori lilikata kona. Alikuwa kaenda kumtizama rafiki yake mgonjwa, na kwenye buti mlikuwa na kikapu cha tende alichopewa. Polisi walituletea na kile kikapu.

Nitakwambia nilivyokuwa: sikuwa kitu. Watu walilia, mie nikapanga viatu vya wageni mlangoni. Nilisikia ganzi, kuanzia kichwani mpaka miguuni, na kila aliyenikumbatia nilimuona yuko mbali. Nilijikasirikia. Nikajifinya mkono, nikaona alama nyekundu, maumivu sikuyaona. Na Muhsina alinishinda. Yeye alikaa pale alipokalishwa, akanywa alichonyweshwa, akaitika alichoambiwa. Chozi halikutoka hata moja, mpaka wanawake wakaanza kutizamana.

Fajr hakuwepo. Maiti ilipoletwa, Bi Sayyida alitoa amri mtoto aondolewe, kama tunavyofanya siku zote, kwani nyumba ya msiba si mahali pa mtoto, na makaburini kwetu wanakwenda wanaume. Akapelekwa Qurum kwa jamaa zetu wenye nyumba kubwa na bembea uwanjani. Alirudi azaa, zile siku tatu za matanga, imekwisha, mabusati yamekunjwa. Akauliza baba yuko wapi. Bibi yake akamwambia baba yuko kwa Mungu. Akauliza kwa nini mama anakaa chumbani na nguo moja nyeupe. Bibi akamwambia, "Mama anamkalia baba eda, mwanangu. Mpaka miezi minne na siku kumi." Fajr akasema, "Haya," akaenda kuwatizama kuku. Alikuwa na miaka sita.

Eda wengi wanaijua kwa mbali. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa kwake muda huo. Havai mapambo, hapaki wanja wala hina, hafukizi udi, na wanaume wasiokuwa maharimu wake, yaani wanaoweza kumuoa, hawamwoni. Akiwa na haja hasa, kama hospitali, hutoka mchana akarudi. Siku zikisha, anaoga, anavaa, anatoka. Mie sijaolewa kwa hiyo sijaikaa, lakini tangu utotoni nimepeleka trei za chai vyumba vya eda, na sikuwahi kuona jambo la kushangaza ndani yake.

Na nyumba ya msiba televisheni haifunguliwi. Bi Sayyida aliifunika ile yetu kwa kanga. Kwa hiyo wakati ulimwengu mzima umekodoa macho kwenye vita vya Afghanistani, sisi pale Khuwair ya Kusini hatukuona hata picha moja. Fajr aliona. Aliona skuli.

Aliyenipigia simu ni Veneranda, Mtanzania, mtu wa Bukoba, msaidizi wa darasa la kina Fajr. Yeye ndiye anayewafunga kamba za viatu na kuwapeleka chooni. Ni Mkristo, hana dogo wala kubwa na mtu, na nilimjua kwa sababu nilimfundisha gari.

"Dada Sabah," akasema, "samahani kukusumbua na msiba. Fajr ameacha kuongea."

"Kuongea vipi?"

"Kuongea kabisa. Wiki mbili sasa. Hata akitaka chooni ananishika sketi tu."

Akanihadithia. Mwalimu wa darasa alikuwa mgeni, kaja mwezi wa nane. Watoto wanamwita Mis, na mie namwita hivyohivyo. Kila Jumamosi, siku ya kwanza ya wiki, Mis huwakalisha watoto duara kwenye zulia, kila mmoja aseme habari ya nyumbani kwao. Jumamosi moja mvulana wa Kizungu aliuliza habari ya vita, kwa nini wanawake wale wamefunikwa hata macho. Mis akaona aseme nao vizuri. Akaleta kanda aliyoirekodi kwenye dishi, akawaonyesha kipande. Wanawake wamekaa ndani, madirisha yamepakwa rangi, mwanamme yuko mlangoni na bunduki. Akawaeleza kwamba kuna nchi wanawake wanafungiwa nyumbani, hawaruhusiwi kutoka, hawaruhusiwi kuvaa wanachotaka.

Fajr akanyoosha mkono. Akasema, "Mama yangu pia. Mama yangu haruhusiwi kutoka. Haruhusiwi kuvaa rangi. Na wanaume hawamwoni."

"Mwalimu alibadilika uso," Veneranda akanambia. "Alimvuta akamkumbatia mbele ya watoto wote. Akamwambia si kosa lako, na ipo siku mama yako atakuwa huru. Mimi nilitaka kusema kitu, dada, lakini mimi ni nani pale?"

Nikakumbuka jambo. Siku za mwisho wa Ramadhani, Fajr alikuja jikoni nikikanda unga, akaniuliza, "Shangazi, ufunguo uko wapi?" Nikamuuliza ufunguo gani. Akasema, "Wa mama." Nikacheka, nikamwambia mama hana ufunguo, haya kalete sinia. Hakuleta sinia, na tangu siku ile hakunambia neno. Nilidhani kadeka. Nyumba nzima hakuna aliyegundua, kwani nyumba yenyewe ilikuwa kimya, na mtoto anayenyamaza kwenye nyumba kama ile anaonekana kuwa na adabu. Mama yake ndiye aliyekuwa mbali zaidi. Fajr alilala ubavuni pake kila siku na Muhsina akawa anamchana nywele palepale alipokwisha kumchana.

Nilipandwa na hasira, na nakwambia ile hasira niliifurahia, maana lilikuwa jambo la kwanza nililolisikia tangu Harub azikwe. Mimi ndiye mwenye bunduki mlangoni! Mimi, Sabah!

Skuli wakaniita kabla sijakwenda. Mkuu wa skuli, mwanamme mrefu, kanikalisha kwenye kochi, na Mis kakaa pembeni na macho mekundu. Mkuu akasema Fajr asiposema mpaka mwisho wa muhula hawataweza kuendelea naye, wao hawana mtaalamu wa watoto kama hao, itabidi atafutiwe pengine. Akasema wanataka kumuona mama yake. Mama mwenyewe.

Nikamwambia, "Mama yake yuko kwenye eda."

"Nani aliyemkataza kuja?"

"Hakuna aliyemkataza. Dini yetu, na desturi yetu, na yeye mwenyewe."

"Kama ni yeye mwenyewe," akasema kwa upole, "basi anaweza kuja."

Wakatizamana, yeye na Mis. Ule mtizamo niliujua. Wanafunzi wangu hutizamana hivyo wakidhani siwaoni. Ilikuwa kama kila neno ninalosema lilishasemwa na mtu mwengine kabla yangu, mtu mbaya, kwenye kanda.

Nikamgeukia Mis. "Wewe umeona wapi kwamba wifi yangu kafungiwa?"

"Fajr mwenyewe kasema."

"Na habari hizo nyengine ulizowafundisha watoto umeziona wapi?"

"Kwenye habari," akasema. "Televisheni."

"Una miezi mingapi hapa Maskati?"

"Minne."

"Adhana unaisikia?"

"Kila siku."

"Umewahi kuingia nyumba ya mtu hata moja? Ya Waislamu, ya watoto hawa unaowafundisha?"

Akatikisa kichwa. Akasema, "Sijaalikwa."

 Nilikuwa nimejitayarisha kwa ubishi, nina maneno tele kifuani, na yule mwanamke kanijibu kweli tupu. Miezi minne, na anafundisha watoto ishirini wa watu, hakuna aliyemwambia njoo unywe kahawa. Tunasema sisi wakarimu. Ukarimu wetu tunaujua wenyewe kwa wenyewe, na yeye kabaki na dishi.

"Basi nimekualika mie," nikamwambia. "Inuka twende."

Mkuu wa skuli akasema labda wangepanga siku. Nikamwambia mama hawezi kuja kwenu, mwalimu anaweza kuja kwetu, na mlango wa mwenye eda uko wazi kwa mwanamke yeyote. Veneranda akabaki na darasa, mie nikamchukua Mis na Fajr kwenye gari yangu ya mafunzo, ile yenye bango juu ya paa. Fajr alikaa nyuma akitizama nje. Mis alikaa kiti changu cha pembeni, akaiona ile breki ya ziada miguuni pake, akaikunja miguu njia nzima asije akaigusa. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Na mie pia nilikuwa na yangu kichwani, nisijitakase. Nilidhani ataingia na viatu mpaka kwenye busati, kwani kwenye filamu Wazungu wanalala navyo kitandani. Akavua mlangoni kabla sijamwambia. Soksi yake moja ilikuwa imetoboka, kidole gumba kiko nje, akakificha chini ya mguu mwengine. Bi Sayyida akakiona, akamvutia mto akae.

Muhsina alikuwa palepale, kwenye godoro lake, mgongo ukutani. Amekonda. Kanga nyeupe, uso mtupu. Kulikuwa na kahawa na tende mbele yake na hakuna alichogusa. Mis akakaa chini kwa taabu, magoti hayajui pa kwenda. Akaanza kusema polepole, neno moja moja, kama unavyosema na mtu asiyejua lugha.

"Sema tu kawaida," Muhsina akamwambia kwa Kiingereza. "Ninakusikia vizuri."

Mis akawa mwekundu mpaka masikioni.  Akauliza lile alilokuja nalo. "Kuna mtu anayekuzuia kutoka?"

 Mie nilitaka kujibu kwa niaba yake, nikajizuia.

"Hapana," Muhsina akasema.

"Ukitaka kutoka leo, unaweza?"

"Mtoto angeumwa ningempeleka hospitali. Ningetaka kuacha kukaa, hakuna ambaye angenifunga kamba. Mama mkwe angelia, basi."

"Basi kwa nini unakaa?"

Nilidhani atataja dini. Mie ningetaja dini, ningemsomea darsa zima. Muhsina akatizama mikono yake.

"Kule nje watanitaka niwe mzima," akasema. "Wizarani watanitaka nipige barua. Majirani watanitaka niseme alhamdulillahi nimezoea. Humu ndani hakuna anayenitaka kitu. Wananiletea chakula, wananiacha. Wanadhani ninahuzunika. Mimi sisikii huzuni, Mis. Sisikii kitu chochote. Ninangoja nisikie. Nashukuru nimepewa mahali pa kungojea."

Bi Sayyida hajui Kiingereza, akaniuliza anasema nini. Sikuweza kumtafsiria. Nilikuwa nikimtizama wifi yangu, nimeishi naye miaka kumi na moja, na kumbe ganzi yangu na yake ilikuwa moja, kila mmoja na chumba chake. Niliona uchungu. Nilitaka kumshika mkono na sikumshika.

Mis alikuwa akilia bila ya sauti. Akasema, "Nimemwambia Fajr jambo lisilokuwa kweli. Nilimwambia ipo siku utakuwa huru. Nilidhani wewe ni kama wale wa kwenye kanda. Nimekosa."

"Ulimwambia lini?"

"Wiki mbili na zaidi. Tangu hapo hajasema. Hasemi kabisa, skuli wala kwingine. Hukujua?"

Muhsina akanyanyua kichwa. Nikaona macho yake yakitafuta chumbani, kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba isiyo yake. "Fajr yuko wapi?"

Fajr alikuwa nyuma ya mlango. Alikuwapo muda wote, na Kiingereza chao kile ndicho anachokijua kuliko sisi sote. Mama yake akamwita kwa mkono. Akaja, akasimama mbele ya godoro na mkoba wake wa skuli mgongoni. Akamtizama mama yake, akamtizama Mis, kisha akasema. Kwa Kiswahili, sauti ya chini, imekwaruza kwa kutotumika.

"Kwa hivyo hukufungiwa?"

"Hapana, mwanangu. Sikufungiwa."

"Basi unamngojea baba."

Akaivuta mikanda ya mkoba mabegani.

"Bibi kasema unamkalia baba," Fajr akaendelea. "Miezi minne na siku kumi, halafu unatoka. Mie nikajua ndipo baba anarudi, unatoka kumpokea. Halafu Mis akasema umefungiwa. Kama umefungiwa, basi humngojei mtu, na baba harudi. Nikasema nisimwambie mtu chochote mpaka nijue." Akafuta pua kwa mkono. "Sasa hukufungiwa. Basi anarudi."

Mtume! Kumbe kule skuli tulikuwa tukipigania dini yetu na heshima yetu na nani kamfungia nani, na mtoto alikuwa na hesabu yake nyengine kabisa. Alinyamaza ili asiiharibu. Nilimtizama Bi Sayyida na yeye kanielewa, maana safari hii ilisemwa Kiswahili. Kajifunika uso kwa ukaya wake wa kichwani.

Muhsina akamvuta mtoto akamkalisha, mkoba na yote.

"Baba kafa, Fajr."

"Kwa Mungu?"

"Kafa. Gari iligongwa, akafa. Wamemzika. Harudi."

"Siku gani?"

"Siku ile uliyokuwa kwenye bembea."

Fajr akafikiri. Hakulia. Akatuzungushia macho mmoja mmoja. "Shangazi, wewe ulijua?"

"Nlijua," nikasema.

"Bibi alijua?"

Bi Sayyida akaitikia kwa kichwa chini ya ukaya.

Akamgeukia Mis, akabadilisha lugha kama wanavyobadilisha watoto wetu, bila ya kufikiri. "Ulijua kwamba baba yangu amekufa?"

"Ndiyo, Fajr. Sote tulijua. Niliwaambia watoto wenzako wakufanyie wema."

"Ndiyo maana wananipa rangi zao," Fajr akasema.  "Kwa hivyo walijua wote. Hata Veneranda. Darasa zima."

 Fajr akamgeukia mama yake, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akamwelekeza uso kwake.

"Na wewe mama? Ulijua?"

Muhsina akafungua mdomo. 

"Mimi ndiyo kwanza najua," akasema.

Na akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kubwa, mbaya, ya mtu wa bara anayelia maiti yake, na mtoto akamng'ang'ania shingoni naye akaanza. Bi Sayyida akainuka akafunga dirisha ili majirani wasije. Mis akanigusa bega, akaninong'oneza kama aondoke. Nikamwambia akae.